Kopo Lisilo na Kazi Litoke Ndani: Maongezi na Kina Mama wa Kikoba, Mbagala

(Haya ni maongezi niliyofanya kwenye kikoba chetu. Wengi mliniomba niyaandike ili mliokosa msome, nami nimeyaandika vile vile nilivyoongea, nimeruka tu pale watu walipokuwa wanaongea wote kwa mpigo.)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristu. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa habari za jioni, habari zenu.

Mwenyekiti wetu, mhasibu wetu, mama mwenye nyumba uliyetupa uwanja na kivuli, kina mama wenzangu, wanangu, na nyie kina baba wawili mliokaa kule nyuma karibu na geti kama vile mnatafuta upenyo wa kutoroka, karibuni sana. Mi mnanijua, nimekuwa nesi mpaka nimestaafu, baadhi ya watu wazima waliokaa hapa niliwachoma sindano wakiwa wanalia.

Mwenyekiti kanipigia simu juzi, mama tunaomba uje utuelimishe namna ya kutumia tena vifungashio vya vyakula nyumbani. Nikacheka mpaka mjukuu akaja kuuliza kuna nini. Yaani mwanamke wa Mbagala afundishwe kutunza kopo? Hivi kuna nyumba hapa inatupa kopo la Blue Band? Si ndo kipimo cha mchele hicho. Kopo la Africafe lina majani ya chai, ndoo ya mafuta ya kupikia ndo ya kuogea, kiroba cha unga kimekuwa zulia la mlangoni, na ile chupa ya Konyagi kabatini ina asali, na aliyeimaliza Konyagi yenyewe tunamjua lakini hatutajani leo.

Kwa hiyo kutunza sitawafundisha, hilo mnanizidi. Mi nimekuja kugombana na nyie. Ugomvi wangu ni kwamba tunatunza kila kitu afu tunakitumia kwa lolote, na kile tusichokitumia tunakirundika uvunguni na nyuma ya choo tunasema kitafaa. Sasa mi nataka kila kopo, kila chupa, kila dumu, uliulize maswali mawili tu kabla halijalala ndani kwako. Ulibeba nini kabla hujaja kwangu? Na kazi yako hapa ni ipi? Likikosa jibu la moja kati ya hayo, leo leo litoke.

Nianze na chupa ya maji maana hiyo ndo imejaa. Ya nusu lita, ya lita moja na nusu, Uhai, Kilimanjaro, yoyote ile. Igeuze uangalie chini, utaona kipembetatu cha mishale na katikati namba. Watu wengi wakiona ile pembetatu wanadhani ni muhuri kwamba plastiki hii imethibitishwa ni salama, sio hivyo jamani, hizo namba zilianzishwa na watu wa viwanda vya plastiki Marekani mwaka 1988 ili wanaochambua taka wajue hii ni plastiki ya aina gani, basi. Ila na sisi inatusaidia. Chupa za maji na soda ni namba 1. Yale madumu magumu ya lita 20 mengi ni namba 2. Makopo ya siagi na ndoo za chakula mara nyingi utakuta namba 5. Na yale maboksi meupe ya povu ya kubebea chakula, ni namba 6.

Namba 1 haipendi moto. Inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 hivi, na uji unaotoka jikoni umezidi 80. Si mnaona ukimimina uji wa moto kwenye chupa ya maji inavyosinyaa, inajikunja? Afu mama anaifuta anamkabidhi mtoto, haya mwanangu wahi shule. Joto linafanya vitu vilivyomo kwenye plastiki vitoke vingi zaidi kuingia kwenye kinywaji, kuna madini yanaitwa antimoni yanatumika kutengenezea hizo chupa, kwenye maji ya baridi yanatoka kiasi kidogo sana, ukiweka joto yanaongezeka. Sikutishi, sisemi mtoto akinywa siku moja ataanguka, nasema mtoto wa chekechea anayebebeshwa uji wa moto kwenye chupa hiyo hiyo kila siku ya Mungu, hapana. Acha uji upoe ndo umimine, au nunua kichupa cha chai kidogo, au kikombe cha mfuniko, pale Rangi Tatu vimejaa.

Tena hiyo chupa yenyewe unaioshaje? Mdomo mwembamba, mkono haupiti, brashi huna, unasukutua mara mbili unasema safi. Weka mchele kidogo mbichi ndani, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, funga kizibo utikise kwa nguvu, ule mchele unasugua pembeni kote. Maji yasiwe ya moto sana, nimeshasema haipendi. Ikianza kunuka au ndani imechubuka chubuka, imestaafu kama mimi, isipewe tena kazi ya kinywaji.

Kazi ambayo chupa hiyo inaifanya vizuri kabisa ni barafu. Gandisha maji humo, usijaze mpaka juu maana maji yakiganda yanavimba yanapasua chupa, acha nafasi ya vidole vitatu hivi. Umeme ukikatika hizo chupa zinashikilia baridi kwenye friji, na ukienda Feri kununua samaki unaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na samaki wako, unapanda zako gari mpaka Mbagala samaki anafika bado anakutazama.

Sasa chipsi. Hapa najua nagusa watu wanaofanya hiyo biashara na wamekaa hapa hapa, mnisamehe. Chipsi zege imetoka kwenye mafuta inachemka, inaingizwa kwenye kifuko cha nailoni, kachumbari juu, pilipili, tomato, inapigwa fundo. Moto, mafuta, na asidi ya ile tomato na ndimu, vyote vimekutana ndani ya kinailoni chembamba, na mafuta ya moto ndo yanayovuta vitu kutoka kwenye plastiki kuliko maji. Yale maboksi ya povu nayo ni hivyo hivyo, wali wa moto na mchuzi wa nazi humo ndani sio mahali pake, na ukifika nyumbani mwingine anaingiza boksi lile lile kwenye maikrowevu! Nenda na bakuli lako. Kweli nakwambia, nenda na hotpoti yako au kopo gumu la namba 5 lenye mfuniko, muuzaji siku ya kwanza atakucheka, siku ya pili atakuzoea, siku ya tatu atakujazia kwa sababu anaona bakuli halijajaa. Mi nilivyoanza waliniita mama bakuli.

Gazeti je? Andazi la moto limetoka kwenye karai linafungwa na gazeti, ukilifungua unasoma kichwa cha habari mgongoni mwa andazi. Ule wino haukutengenezwa uliwe. Karanga kavu kwenye kikoni cha karatasi mi sigombani sana, ingawa zile karatasi za mitihani zinanisikitisha, unakula karanga huku unaona mtoto wa watu kapata 12 kwa 50. Ila kitu chenye mafuta na cha moto kiweke kwenye sahani, kwenye kitambaa safi, au jani la mgomba kama unalo. Watu wa pwani tulifungia vitu kwenye majani na kubebea kwenye pakacha miaka na miaka, haikuwa ushamba, lile jani ukilitupa mbuzi analiokota.

Na hapo hapo mtu atasema mbona rambo zilikatazwa. Ni kweli, tarehe 1 Juni 2019 tulikatazwa mifuko ya plastiki ya kubebea, Zanzibar walishatutangulia tangu 2006. Ukikamatwa nayo sheria inasema faini kuanzia 30,000 mpaka 200,000 au ndani siku zisizozidi 7, au vyote viwili. Lakini katazo lilikuwa la vibebeo, vifungashio vya bidhaa vya kiwandani viliachwa, basi wajanja wakageuza vifungashio kuwa vibebeo, nyanya za mia tano unapewa kwenye kinailoni cheupe, mpaka 2021 Serikali ikasema tena na hivyo marufuku kubebea. Nenda sokoni leo asubuhi kaangalie kama havipo. Kwa hiyo vinaingia ndani kwetu, na vikishaingia lazima tuvijue.

Nije kwenye maji ya kunywa, hapa nitakaa kidogo, vumilieni.

Mnakumbuka kipindupindu cha 2015, kilianzia hapa hapa Dar mwezi wa nane afu kikasambaa mikoani. Nyumba nyingi maji yalikuwa yamechemshwa vizuri, mkaa umeteketea, afu yanamiminwa kwenye ndoo pana iko wazi, huyu anachota na kikombe, yule na jagi, mtoto katoka kucheza anazamisha mkono mpaka kiwiko. Ulichochemsha chote kimekwenda na maji. Sasa dumu lililokuwa na mafuta ya kula, lenye mdomo mdogo na kizibo chake, kwa maji ya kunywa ni zuri kuliko hiyo ndoo, kwa sababu mkono haupiti, unainamisha unamimina. Hiyo ndo kazi yake. Litoe mafuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, tikisa, mwaga, rudia, mpaka ukiweka maji safi usione ule mng'aro wa mafuta unaelea juu. Kama ndoo ndo unayo basi fundi akutobolee akuwekee koki chini, mfuniko usifunguliwe ovyo.

Lakini dumu la mafuta ya kula! Sio ndoo ya rangi. Naona ndoo za rangi za lita 20 zimejaa mtaani, nzuri, ngumu, zina mpini, na watu wanawekea maji ya kunywa na wengine wanalowekea maharage. Na visado vya rangi vile vya lita 4, viazi na nyanya kupimia sokoni sawa, unamenya unaosha, ila usiviwekee unga wala chumvi wala maji. Hapo swali la kwanza limeshajibiwa, ulibeba nini? Rangi. Basi wewe ni wa kufulia, wa kudekia, wa kubebea mchanga, mlangoni mwa jiko usipite.

Kwa wasio na mkaa wa kuchemshia, chupa ya namba 1 ina kazi nyingine wengi hawaijui. Chukua chupa nyeupe kabisa isiyo na rangi, isizidi lita 2, isiwe imechubuka, bandua karatasi yake, weka maji yasiyo na tope, ilaze juani juu ya bati masaa 6. Ile miale ya jua inaua vijidudu vya kuhara. Kukiwa na mawingu iache siku 2 mfululizo. Kukiwa na mvua ya kutwa usijidanganye, chemsha. Na maji yakiwa na tope chuja kwanza yatulie, jua halipenyi kwenye tope. Maji ya chumvi ya visima vyetu vya huku hayabadiliki ladha, kama yalikuwa na chumvi yatabaki na chumvi, nawaambia mapema msije mkanirudia.

Haya. Sasa kuna jambo sitalisema kwa kucheka.

Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji. Dawa ya kunguni kwenye chupa ya soda. Jiki kwenye chupa ya juisi. Asidi ya choo kwenye chupa ya Kilimanjaro, iko nyuma ya mlango, mtoto ana miaka miwili, ana kiu. Yeye hajui kusoma, anachojua hiyo ni chupa ya maji maana kila siku mnampa maji humo humo. Zahanati tumepokea hao watoto, nyie mnaolea hamtaki kuona mama anavyokuja nao mbio. Na hao wanaopita mtaani wanauza dawa ya mende na ya panya wamepima kwenye vichupa vya maji, msinunue dawa iliyokosa lebo yake, hata ukifika hospitali daktari atakuuliza kanywa nini na wewe utasema sijui, ilikuwa ya rangi ya maziwa. Ikitokea mtoto kanywa mafuta ya taa usimtapishe, narudia, usimtapishe, usimwingize vidole mdomoni, maana yakirudi yanaingia kwenye mapafu na hapo ndo balaa. Mkimbize hospitali, na chupa aliyonywea ibebe. Chombo kilichokaa sumu hakiwi safi hata ukioshe na maji ya bahari yote ya Kigamboni. Kitoboe, kiharibu, kitupe.

(Hapa watu waliongea sana, kila mtu anamjua mtoto wa jirani.)

Tuendelee. Maharage, choroko, mahindi. Mvua za masika zikianza joto la Dar linachanganyika na unyevu, unakuta maharage uliyonunua gunia kwa bei nzuri yameshatobolewa na wadudu, unga unadondoka. Dumu la lita 5 au chupa kubwa zilizokauka kabisa ni ghala zuri ajabu. Jaza mpaka juu kabisa, shindilia, usiache hewa, funga kizibo kwa nguvu. Wadudu waliomo wanamaliza hewa iliyobaki wanakufa wenyewe, hujaweka dawa hata punje. Ukifungua fungua kila siku umeharibu, kwa hiyo chukua vidumu vidogo vidogo, unamaliza kimoja ndo unafungua kingine, usiweke yote kwenye kimoja kikubwa.

Ila nafaka iwe kavu, kwa sababu ukifunga mbichi ndani ya plastiki inaota ukungu, na ukungu wa mahindi na karanga una sumukuvu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyo sumukuvu, sio hadithi. Utajuaje ni kavu? Chukua chupa kavu, weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu, weka mahindi mpaka kama theluthi ya chupa, tikisa dakika mbili tatu, afu iache itulie. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Isiponata, funga weka. Hiyo chumvi usiitupe, ina kazi kwenye mboga.

Na ukihifadhi pilipili ya kusaga au achari ya maembe tafuta chupa ya kioo, zile za jamu na za mayonizi. Kioo hakishiki harufu, siki haikili, na unaweza kukichemsha chenyewe kwenye sufuria dakika 10 kabla hujatia kitu, plastiki utaijaribu? Kopo la bati la nyanya ukishalifungua usiliweke kwenye friji na nyanya zake, hamishia kwenye bakuli, bati linaanza kuliwa na asidi. Makopo ya bati wapelekeeni mafundi wa pale mtaa wa Gerezani, mjini, wale wanajua, karai, vibatari, majiko, vyombo vya kunyweshea kuku, hawajawahi kuitwa kwenye semina yoyote ya mazingira lakini mi nadhani ndo walimu wetu.

Swali la pili sasa, kazi yako hapa ni ipi. Hili linaniuma kwa sababu ya mbu.

Dengue ya 2014 mliiona, ya 2019 mliiona, Dar ndo ilibeba wagonjwa wengi. Yule mbu sio huyu wa malaria wa usiku, huyu anauma mchana kweupe, na hahitaji bwawa, anahitaji kizibo. Kopo la siagi limeachwa nyuma ya choo, mvua imenyesha, maji yamekaa wiki moja na kidogo, mbu wapya hao. Afu mayai yake anayabandika pembeni ya kopo juu kidogo ya maji, ukimwaga maji tu mayai yanabaki, yanakauka, yanaweza kukaa miezi yakisubiri mvua nyingine. Kwa hiyo kumwaga haitoshi, lazima usugue na brashi. Nyie mnaotunza makopo ishirini ya "yatafaa", mnafuga. Kopo lenye kazi liko kabatini, kavu, limegeuzwa mdomo chini. Kopo lililo nje linasubiri kazi, halina kazi, litoke. Na ukiotesha maua kwenye kopo toboa chini.

Kuhusu bustani nitapita haraka maana mnajua. Kiroba cha unga au dumu la lita 20 lililokatwa juu, matundu chini, udongo na mbolea ya kuku iliyooza, mchicha unaanza kuchuma baada ya wiki tatu nne. Tatizo la kiroba ni jua, baada ya miezi kinaanza kuchanika na kutoa nyuzi nyuzi, hizo nyuzi zinaingia kwenye udongo, kwa hiyo ukiona kinalainika kama karatasi badilisha kabla hakijaisha. Dumu la lita 5 likitobolewa kwa msumari wa moto, likafungwa kamba na kijiti cha kukanyagia, hicho ndo kibuyu chirizi, kiweke nje ya choo na sabuni ya kuning'inia. Kile kipindi cha corona kila nyumba ilikuwa nacho, sasa hivi viko wapi?

Kuwashia mkaa. Nani hapa anawashia mkaa kwa nailoni? Msinyooshe mikono, najua. Inashika haraka, inadondosha moto, jiko linawaka. Na moshi ule mweusi unaunusa wewe na huyo wa mgongoni, na unaganda kwenye sufuria. Baadhi ya plastiki zikiungua zinatoa sumu kali ya dioksini, na wewe huwezi kujua ipi ni ipi wakati unapuliza. Tafuta trei za mayai. Zile za karatasi, kipande cha vikombe vinne tu kinawasha jiko, chini ya mkaa, bila harufu. Muuza mayai anazo na zimechakaa anakupa bure. Ila mfuga kuku usipeleke trei za mtaani bandani kwako, zimetoka kwenye mabanda ya watu na zinaweza kukuletea kideri, zako zichome jikoni ununue nyingine.

Na mnapotupa chupa za maji msizitupe nzima na kizibo chake. Kuna wauza juisi wazuri, lakini wapo pia wanaookota chupa jalalani wakasukutua wakajaza ukwaju na tende, tunauziwa kituo cha daladala. Zile utakazowauzia vijana wa makopo zikanyage zibonyee, weka kwenye kiroba kimoja kikavu bila maganda na ukoko wa ugali, wanapima kwa kilo na chafu wanakukatia bei. Hao vijana tusiwaite vibaka jamani. Chupa wanayoibeba wao haiendi mto Kizinga wala haifiki dampo la Pugu Kinyamwezi.

(Maswali yalikuwa mengi. La yale magaloni makubwa ya maji ya dispensa nililijibu hivi: rudisha ujaziwe, ndo kazi yake, usiliache juani wala usilimwagie maji ya moto, mengi ni namba 7, yaani plastiki za aina nyingine zisizo na namba yake. La mwisho aliuliza baba mmoja wa kule nyuma, akasema mama, mbona umetugombeza sisi tu, viwanda hujavigusa?)

Baba umeuliza vizuri, kumbe ulikuwa unasikiliza. Mi nimekua nakunywa soda ya chupa ya kioo. Huna chupa, hupewi soda, au unakunywa umesimama hapo hapo dukani mwenye duka anakutazama. Kreti linarudi kiwandani, wanaosha, wanajaza, linarudi. Hakuna mama wa Mbagala aliyeomba soda iwekwe kwenye plastiki isiyorudi, walibadilisha wenyewe kwa sababu ni nafuu kwao, gharama ya kuzoa ikabaki kwetu na kwa wale vijana. Na sio kwamba haiwezekani, viroba vya pombe, vile vipakiti vidogo vya plastiki, vilikuwa kila kona, Machi 2017 Serikali ikasema basi, na vikaondoka. Kwa hiyo chupa ikiwekewa hela yake ya kurudishia, hata mia tu, nakuhakikishia hutaiona mtaroni. Hilo kaliseme kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, mi nitakuja kukuunga mkono, ila uje na kina baba wenzako, sio wawili tena.

Mhasibu, lete kitabu, tununue hisa, magari yameshaanza kujaa.